Moto Mkali na Mizani ya Chama

Somo kwa Makatibu, Wajumbe wa Halmashauri na Wanachama wa Vyama vya Msingi

Ichukuliwe mfano wa chama cha ushirika cha wachoma chokaa. Katika mkutano mkuu wa mwaka Katibu anasoma hesabu ya ghala: mawe ya chokaa yaliyopokewa kutoka kwa wanachama na kutiwa tanurini ni kilo 10,000, chokaa iliyotolewa tanurini ni kilo 5,800. Mwanachama mmoja anainuka na kuuliza: "Ndugu Mwenyekiti, kilo 4,200 zimekwenda wapi?" Mkutano unanyamaza, kisha minong'ono inaanza. Katibu anajua moyoni kwamba hakuchukua hata kijiwe kimoja, lakini hana la kujibu, kwa kuwa hajapata kufundishwa ni jambo gani hasa hutokea ndani ya tanuri. Kabla jua halijatua amekwisha kuitwa mwizi.

Madhumuni ya somo hili ni kumpa Katibu huyo jibu, na kumpa mwanachama yule kipimo cha kulipimia jibu lenyewe. Vyama vingi hushughulika na vitu ambavyo ama huchomwa kwa makusudi, kama vile chokaa, matofali na mkaa, ama huwekwa ghalani ambako moto waweza kuvifikia kwa bahati mbaya, kama vile mbolea, salfa na mrututu. Kila kimoja kina tabia yake mbele ya moto mkali. Asiyeijua tabia hiyo hupata hasara ya fedha, au ya jina lake jema, au ya maisha ya watu.

Moto haupotezi uzito

Watu husema kwamba moto umekula kuni. Usemi huo hutosha katika mazungumzo ya jikoni, lakini hautoshi katika leja. Mnamo mwaka 1756 mtaalamu wa Scotland aitwaye Joseph Black alichapisha majaribio yake juu ya chokaa na vitu vinavyofanana nayo. Alivipima kwa mizani kabla ya kuvichoma na baada ya kuvichoma, akaonyesha kwamba upungufu wa uzito ulitokana na aina ya hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Hewa hiyo leo huitwa gesi ya kaboni dayoksaidi, au hewa ya ukaa.

Baadaye, nchini Ufaransa, Antoine Lavoisier aliendeleza kazi ya mizani. Mtu huyu alikuwa pia mshiriki katika kampuni ya wakusanya kodi za mfalme, na kwa hiyo alizoea hesabu zenye pande mbili. Alichoma vitu ndani ya vyombo vilivyozibwa, akathibitisha kwamba jumla ya uzito haibadiliki maadamu hakuna kinachoingia wala kinachotoka. Kitabu chake chenye mafundisho hayo kilitoka mwaka 1789.

Kanuni hii ni sawa na kanuni ya leja: upande wa mapokezi na upande wa matumizi sharti ulingane. Kinachowachanganya watu ni kwamba moto hupokea na kutoa vitu visivyoonekana kwa macho, yaani mvuke na gesi. Kwa sababu hiyo, kwa kila kitu kinachochomwa hapana budi kuulizwa maswali matatu: Kimetoa nini? Kimepokea nini? Je, chaweza kurudia hali yake ya kwanza?

Chokaa

Mawe ya chokaa, matumbawe na makombe ya baharini yana asili moja. Yakifikishwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 za Sentigredi, na joto hilo likidumu mpaka lipenye hadi kiini cha kila jiwe, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Kilo 100 za jiwe safi na kavu hutoa kilo 44 za gesi, na kubakiza kilo 56 za chokaa kali ambayo haijazimwa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, hivyo mchomaji hawezi kuiona ikienda zake.

Chokaa kali ina kiu kubwa ya maji. Kilo 56 zake hushika kilo 18 za maji, zikawa kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Wakati wa kushikana huko hutoka joto jingi, kiasi cha kuchemsha maji yanayozidi. Kisha chokaa iliyozimwa, ikipakwa ukutani au ikiachwa wazi, huanza kuivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani na kurudia ujiwe wake wa kwanza. Hiyo ndiyo siri ya kuta za kale za mwambao, kama zile za Kilwa Kisiwani, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa. Kile kilichofukuzwa na moto tanurini kilirudi polepole ukutani.

Katibu hana budi kuyaandika mambo mawili yanayotokana na tabia hiyo. Kwanza, chokaa iliyokaa ghalani katika magunia yasiyofungwa vizuri huongezeka uzito bila ya mtu kuongeza kitu, kwa kuwa inapokea unyevu na gesi. Pili, chokaa iliyozeeka hivyo imepungua nguvu. Mkulima wa kahawa anayeichanganya na mrututu kwa ajili ya kupulizia mibuni ataona majani yake yakiungua, kwa sababu chokaa iliyokwisha kurudia ujiwe haiwezi kuutuliza ukali wa mrututu kama inavyopasa.

Vitu vinavyotoa maji

Kundi la pili ni la vitu ambavyo vikipata moto hutoa maji yaliyofungwa ndani yake, ingawa kwa kuvishika vilionekana vikavu kabisa.

Mrututu ni mfano ulio wazi. Chembe zake za buluu zikipashwa moto katika kigae hugeuka kuwa unga mweupe. Kilo 100 za mrututu hutoa kilo 36 za maji na kubakiza kilo 64. Unga huo mweupe ukidondoshewa maji hurudia rangi ya buluu papo hapo na kutoa joto. Moto ukizidishwa sana, mrututu huvunjika kabisa, hutoa moshi mkali unaochoma koo, na kubakiza unga mweusi wa shaba usioweza kurudishwa kwa maji. Hivyo kitu hicho hicho chaweza kurudi au kutorudi, kwa kadiri ya moto kilioupata.

Jasi, ambayo huchimbwa Makanya katika Wilaya ya Same na mahali pengine, ina tabia ya namna hiyo. Ikipashwa kwa kiasi, kwenye nyuzi 150 hivi, hutoa robo tatu ya maji yake. Kilo 100 hubakia kilo 84 za plasta, ile inayotumika hospitalini kufungia mifupa iliyovunjika. Plasta ikikorogwa na maji hushika na kuwa ngumu. Lakini jasi iliyochomwa kupita kiasi haishiki tena ipasavyo. Hapa moto mwingi si bora kuliko moto wa kiasi.

Udongo wa mfinyanzi una maji ya namna mbili. Ya kwanza ni yale ya kukandia, ambayo hutoka kwa jua, kivuli na moto mdogo. Ya pili yamefungwa katika udongo wenyewe, nayo hayatoki mpaka joto lipite nyuzi 450 au zaidi. Maji ya kwanza yasipotolewa polepole, hugeuka mvuke ndani ya tofali na kulipasua. Ndiyo maana tofali bichi halitiwi tanurini kabla ya kukauka vizuri. Maji ya pili yakiisha kutoka, na tofali likaendelea kuungua kufikia nyuzi 900 na zaidi, chembe za udongo hushikana kwa namna isiyorudi nyuma. Tofali lililokaushwa kwa jua tu, likinyeshewa, hurudia tope. Lililoiva halirudi tena.

Wachoma matofali wajihadhari na vijiwe vya chokaa ndani ya udongo. Vijiwe hivyo hugeuka chokaa kali tanurini. Majuma kadhaa baadaye hunyonya unyevu, huvimba, na kulimega tofali ambalo lilipouzwa lilionekana zima. Mnunuzi hurudi na malalamiko, na chama hulaumu moto, kumbe kosa lilikuwa katika kuchagua udongo.

Magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania hutoa maji na gesi pamoja. Kilo 100 za magadi safi, zikichomwa, hubakia kilo 70 hivi za unga mweupe unaotumika viwandani kutengenezea vioo. Unga huo ukizidishiwa moto hautoi gesi zaidi kama jiwe la chokaa linavyofanya, bali huyeyuka kwenye nyuzi 851. Ni ndugu wa karibu wa jiwe la chokaa, lakini tabia zao mbele ya moto mkali ni mbalimbali. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba vitu vinavyofanana kwa rangi au kwa asili vitafanana tanurini.

Vitu vinavyoyeyuka na kurudi

Chumvi ya kula ikitupwa motoni hulia na kurukaruka. Watu wengine hudhani kwamba inaungua. Sivyo, kinacholia ni maji kidogo yaliyonaswa ndani ya chembe, ambayo hugeuka mvuke na kuipasua chembe. Chumvi yenyewe haivunjiki. Kwenye nyuzi 801 huyeyuka, na ikipoa hurudi kuwa chumvi ile ile. Kwa hiyo chama cha wavuna chumvi kikiona uzito umepungua ghalani, kichunguze kwanza unyevu uliokuwamo siku ya kupokea.

Madini ya metali nayo huyeyuka, kila moja kwa kiwango chake: risasi kwenye nyuzi 327, zinki kwenye nyuzi 420, alumini kwenye nyuzi 660, shaba nyekundu kwenye nyuzi 1,085, na chuma kwenye nyuzi 1,538. Tofauti hizi ndizo zinazomwezesha fundi kuyeyusha alumini ya masufuria makuukuu katika chungu cha chuma bila ya chungu chenyewe kuyeyuka. Zinki iliyopakwa juu ya mabati ya nyumba, ikipata moto mkali, hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kifua. Kazi hiyo ifanywe mahali penye upepo.

Vitu vinavyoongezeka uzito

Wanachama wengi hushangaa kusikia kwamba kitu chaweza kuchomwa na kuwa kizito zaidi. Unga wa shaba, gramu 100, ukichomwa mpaka ugeuke mweusi wote, huwa na uzito wa gramu 125 hivi. Umepokea oksijeni kutoka hewani. Chuma cha mhunzi hufanya vivyo hivyo: huota magamba meusi yanayobanduka chini ya nyundo. Jembe lililokwisha kufuliwa ni jepesi kuliko chuma cha awali, lakini jembe pamoja na magamba yote yaliyodondoka ni zito zaidi. Mhunzi anayelipwa kwa uzito wa majembe yafaa akubaliwe upungufu wa magamba hayo.

Salfa, ambayo wakulima wa korosho huitumia dhidi ya ubwiri unga, huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi, kisha huwaka kwa mwali wa buluu. Kilo 32 za salfa hupokea kilo 32 za oksijeni na kuwa kilo 64 za gesi inayokaba roho. Hakuna kinachobaki sakafuni. Ghala limekuwa tupu, lakini hewa yake imekuwa sumu.

Kuni na mkaa

Kuni zikichomwa mahali penye hewa ya kutosha hugeuka karibu zote kuwa gesi na mvuke. Majivu huwa machache sana. Zikifukiwa katika tanuri la udongo lisiloingiza hewa, hutoa mvuke, lami na gesi, na kubakiza mkaa. Katika tanuri la kienyeji kilo 100 za kuni kavu aghalabu hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Tanuri lililojengwa vizuri na kusimamiwa vizuri huweza kufikisha kilo 25 au zaidi. Tofauti hiyo ni miti iliyookolewa. Kuni mbichi huleta hasara maradufu, kwa kuwa sehemu ya kuni hutumika kuyakausha maji ya kuni nyingine.

Mkaa unaoungua mahali penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Mlinzi wa ghala asilale na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, hata kama mkaa hautoi moshi. Hali kadhalika, mtu asiingie katika tanuri la chokaa au la mkaa kabla halijapoa na kupata hewa.

Mbolea ghalani

Si kila mbolea ina tabia moja. Urea haiwaki, bali huyeyuka kwenye nyuzi 133 na kutoa gesi ya amonia inayouma macho. Mbolea ya amonia naitreti ni jambo jingine. Ikipashwa huyeyuka kwenye nyuzi 170 hivi, kisha huvunjika na kutoa gesi nyingi. Ikiwa imebanwa mahali, au imechanganyika na dizeli, mafuta, salfa, mkaa au unga wa mbao, yaweza kulipuka. Mnamo tarehe 16 Aprili, 1947, meli iliyopakia mbolea hiyo ilishika moto katika bandari ya Texas City nchini Marekani na kulipuka. Watu zaidi ya 500 walikufa. Tarehe 4 Agosti, 2020, tani 2,750 hivi za amonia naitreti zilizokuwa zimekaa miaka katika ghala la bandari ya Beirut, Lebanoni, zililipuka baada ya moto kuzuka ghalani humo. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Katika mbolea ya CAN amonia naitreti huchanganywa na unga wa mawe ya chokaa ili kuipunguzia hatari, lakini nayo isiwekwe karibu na mafuta wala moto.

Chokaa kali nayo ina hatari yake. Paa likivuja juu ya magunia ya chokaa isiyozimwa, joto linalotoka laweza kuwasha magunia, majani makavu na mbao. Moto umeanzishwa na mvua. Kuumwagia maji haba moto wa namna hiyo ni kuuchochea.

Jibu kwa mkutano mkuu

Sasa hesabu ya chama kile yaweza kufunguliwa tena. Mawe safi na makavu, kilo 10,000, yangeiva yote yangebakia kilo 5,600, na kilo 4,400 zingepaa kuwa gesi. Chama kilipata kilo 5,800. Basi swali la haki halikuwa kwa nini chokaa ni pungufu, bali kwa nini imezidi kwa kilo 200. Ikiwa mawe yalikuwa safi na makavu, na chokaa haikupata unyevu, ziada hiyo yaonyesha kwamba kilo 450 hivi za mawe hazikuiva, zikatoka tanurini zikiwa mawe kama zilivyoingia. Katibu si mwizi. Tanuri ndilo lililopungukiwa na moto, au mawe yalikuwa makubwa mno.

Tena, chama kinachowalipa wachomaji kwa uzito wa chokaa peke yake huwatuza wanaochoma vibaya, kwa maana jiwe bichi ni zito kuliko lililoiva. Mchomaji mwaminifu, ambaye chokaa yake ni nyepesi, hupata malipo madogo kuliko mvivu. Chama cha namna hiyo kitapoteza kwanza wachomaji wake wazuri, kisha wanunuzi wake.

Mambo ya kutenda

1. Uzito uandikwe mara tatu: siku ya kupokea, siku ya kutoa tanurini, na siku ya kuuza. Tarehe na hali ya kitu, kikavu au chenye unyevu, iandikwe kando ya kila uzito.

2. Chokaa ijaribiwe kabla ya kulipiwa. Kiasi kidogo kilichopimwa kitiwe polepole katika ndoo ya maji, si maji kumwagwa juu ya chokaa, na mfanyakazi akinge macho yake. Viini vinavyobaki bila kuzimika vioshwe, vikaushwe na kupimwa. Vikitoa mapovu vinapodondoshewa ndimu au siki, ni mawe mabichi. Chokaa ikimwingia mtu machoni, aoshwe mara moja kwa maji mengi na kupelekwa hospitali.

3. Chokaa isiyozimwa ikae mahali pakavu, juu ya chaga, mbali na ukuta wenye unyevu.

4. Mbolea, salfa, mafuta na mkaa visiwekwe ghala moja. Mtu asivute sigara wala kuwasha jiko karibu na ghala.

5. Moto ukizuka katika ghala la mbolea ya amonia naitreti, watu waondolewe mbali kwanza. Mali hulipwa, mtu halipwi.

Maswali ya kuzungumzwa katika vikundi

1. Chama kilipokea kilo 2,000 za mawe safi ya chokaa na kutoa kilo 1,120 za chokaa. Je, uchomaji ulikuwa mzuri? Chokaa hiyo ikizimwa yote, itakuwa kilo ngapi?

2. Taja kitu kimoja katika ghala la chama chenu kinachoweza kuongezeka uzito, na kimoja kinachoweza kupungua, bila ya mtu kukigusa. Leja yenu inaonyeshaje jambo hilo?

3. Wachomaji wa chama chenu hulipwa kwa kipimo gani? Je, kipimo hicho kinamfaa anayechoma vizuri au anayechoma vibaya?

4. Tembeleeni ghala lenu kwa pamoja. Ni vitu gani vilivyokaa jirani ambavyo havipaswi kukaa jirani? Azimio la kikundi lipelekwe kwenye Halmashauri kwa maandishi.